Mashine ya Kiminini Iliyokidhi Mahitaji Yote

(Hotuba ya Bwana Ezekiel Gathii, Mratibu wa Kanda wa Mpango wa Kutafsiri Mahitaji ya Mkulima kuwa Vigezo vya Usanifu, Kitale na Bungoma, aliyoitoa katika uwanja wa soko la Kiminini, Novemba 2006, siku ya kukabidhi mashine ya kupukuchua mahindi. Aliyeiandika alikuwa ameketi nyuma pamoja na akina mama, kwa hiyo makofi ameyaandika jinsi yalivyosikika huko nyuma.)

Mheshimiwa Bwana DC, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma salamu na kiti chake kiko hapa mbele, mwakilishi wa Bwana DC, ambaye yuko njiani, Bwana DO, machifu na manaibu wa machifu, mliovaa kofia na mliozisahau nyumbani, wazee wa mitaa, wachungaji wa madhehebu yote, hasa yule aliyetuombea dakika arobaini bila kuangalia karatasi, mwenyekiti wa kamati ndogo ya maandalizi, ambaye ni mimi, mwenyekiti wa kamati kuu ya maandalizi, ambaye pia, kwa unyenyekevu, ni mimi, mastekiholda wa ngazi ya juu, mastekiholda wa ngazi ya kati, na mastekiholda mlioketi kwenye nyasi kwa sababu viti vimekwisha, wananchi watukufu wa Kiminini, wa Saboti, wa Kitale kwa jumla, na ndugu zetu mliotoka Bungoma na Malakisi asubuhi na mapema. Itifaki naomba ihesabiwe kwamba imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemruka, ajue kwamba jina lake limo katika kiambatisho.

Hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo. Mama Wacuka, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kiminini, anamwuliza jirani yake mashine iko wapi. Jirani anasema labda iko kwenye lori.)

Kabla sijaanza hotuba yangu naomba niseme machache. Mimi ni mtu wa vitendo. Nikisema "mkulima", nyinyi mtasema "ni mteja". Hiyo ndiyo kauli mbiu yetu, na imepitishwa na kamati tatu. Mkulima! (Ni mteja.) Sauti hiyo ni ya watu waliokunywa uji kweli? Mkulima! (Ni mteja. Mwuza kadi za simu kule nyuma anadakia kwamba mteja hapatikani kwa sasa, na watu wanacheka kuliko walivyopiga makofi.) Nawashukuru kwa furaha hiyo. Karani, andika kwamba wananchi wameonyesha furaha.

Ndugu zangu, mwezi wa pili mwaka huu, katika uwanja huuhuu, nilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na afisa wa ngazi yangu, wala wa ngazi zilizo juu yangu, ambazo ni chache. Nilikuja kuuliza. Maafisa wengine huja kuwaambia mnataka nini, wakapanda gari wakaenda; mimi nilikuja na karani, na fomu, na kalamu ya karani, nikauliza mbele ya watu wote: nyinyi wakulima wa mahindi, mashine ya kupukuchua mnayoitaka iweje? Maana katika ulimwengu wa sasa, ulimwengu wa perfomansi kontrakti na matokeo ya haraka, bidhaa haianzii kiwandani. Bidhaa inaanzia kwa mteja, kwenye mdomo wake, kisha inapanda ngazi kwa ngazi, dawati kwa dawati, mpaka hitaji la mdomoni linageuka kuwa rikwaimenti ya kitaalamu, ambayo mteja mwenyewe akiisoma hawezi kuitambua. Hapo ndipo unajua kwamba kazi imefanyika. (Makofi ya meza kuu.)

Na kwa vile nyinyi ni watu wenye adabu, mlinijibu kwanza kwa kushukuru. Mlishukuru kwa ujio wangu, mlishukuru serikali, mlimshukuru dereva, mlishukuru kwamba mmekumbukwa. Kwa dakika ishirini hakuna aliyetaja mashine, kwa sababu kwenu hapa mgeni haanzwi na maombi. Karani wangu, ambaye ameagizwa kuandika kila kinachosemwa katika safu inayoitwa mahitaji, aliandika "shukrani" mara kumi na tisa. Takwimu hazina upendeleo, ndugu zangu. Mpaka leo, katika jedwali letu kuu, hitaji nambari moja la mkulima wa kanda ya Kitale na Bungoma ni kushukuru, kwa asilimia sitini na tatu, na hitaji hilo tumelitimiza kikamilifu, maana hatujawahi kumzuia mtu kushukuru.

Ndipo akasimama Mama Wacuka, yule pale, mwenye kitambaa cha kijani. Simama mama wakuone. (Mama Wacuka alikuwa amesimama tangu mwanzo.) Mama alieleza kwamba mzee wake alifariki, watoto wako shule za bweni, na kila msimu hungoja trekta ya kupukuchua ya Bwana Kemboi wa Saboti, ambayo huja ikitaka na huvunja punje nyingi. Trekta isipofika, yeye hutia mahindi guniani akayapiga kwa fimbo siku kumi na nne, mpaka mabega yanavimba, na mvua ya Novemba inalikuta rundo bado liko uani. Alisema anataka mashine ya kuzungushwa na mtu mmoja, iwe nyepesi kiasi cha kubebeka kwa wilbaro kutoka boma moja hadi jingine, isivunje punje, ifanye kazi hata mahindi yakiwa bado na unyevunyevu, na ifike kabla ya mvua. Mambo matano. Aliyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaketi.

Sasa niwaulize, mambo matano mtayaita nini? Hayo hayajazi hata ukurasa. Hayo ni mahitaji ghafi, na hitaji ghafi ni kama maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi, huwezi kumpa Waziri anywe hivyohivyo. Tuliyachukua mahitaji hayo tukayapeleka Naivasha, katika wakshopu ya siku sita, tukayachemsha. (Mzee mmoja anauliza Naivasha kuna mahindi gani. Anaambiwa kuna hoteli.) Tulipotoka huko, mambo matano ya Mama Wacuka yalikuwa yamezaa vigezo mia nne na kumi na viwili, vilivyopigwa chapa pande zote mbili na kufungwa kwa waya wa plastiki. Mia nne na kumi na viwili kutoka kwa mama mmoja. (Makofi. Mama Wacuka hapigi.)

Niwape mfano mmoja ili muone ugumu wa kazi hii. Mama alisema mtu mmoja. Wataalamu waliandika: kifaa kiendeshwe na rasilimali watu isiyopungua mmoja. Sentensi nzuri, haina kosa. Lakini ilipofika mezani kwa Naibu Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, yeye aliuliza, je, huyo mmoja akiugua? Ikaandikwa wawili. Akauliza, je, hao wawili wakikosana? Ikaongezwa msimamizi. Msimamizi naye hawezi kusimamia bila kumbukumbu, kwa hiyo kuna katibu, na mahali penye katibu sharti pawe na mwenyekiti. Mashine ya mtu mmoja, kwa hiyo, ni mashine ya watu watano, ambao kati yao mmoja anazungusha.

Lile la wilbaro lilituchukua wiki saba. Katika kikao cha Nairobi iliulizwa kama neno hilo lina maana ya kitaalamu. Ikaundwa kamati ya uhamishikaji, ikazuru wilaya tatu ikiangalia wilbaro zikiwa zimesimama, halafu ikaangalia zikisukumwa, na ikagundua kwamba nyingi zinapiga kelele gurudumuni. Pendekezo la kamati, ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, ni kwamba mashine isihame. Badala yake maboma ya wakulima yasogezwe karibu na mashine, kwa awamu. (Minong'ono.) Msiwe na wasiwasi. Awamu ya kwanza ni ya uhamasishaji tu.

Kuhusu punje kuvunjika, tuliafikiana bila ubishi. Ukurasa wa themanini unasema punje itendewe kwa heshima.

Nakuja sasa kwenye swali zito ambalo lilitugawanya wataalamu mpaka wengine wakala chakula cha jioni meza tofauti. Mteja ni nani hasa? Mwanzoni tulidhani ni mkulima. Lakini profesa mmoja mwenye miwani miwili alituonyesha kwa projekta kwamba mteja, kisayansi, ni yule anayeidhinisha bidhaa. Anayeidhinisha ni mimi. Nilishtuka, ndugu zangu. Sikujitafutia cheo hicho. Lakini baada ya kupigiwa kura nilikubali kuwa mteja kwa niaba yenu, nikahojiwa mahitaji yangu kwa siku moja na nusu, na ndiyo maana utakuta vigezo vya mia mbili na sita hadi mia tatu na arobaini vinahusu kivuli cha kukaa mgeni rasmi, rangi isiyochafuka haraka, pahali pa kibao chenye jina, na ukubwa wa herufi za jina hilo. Kauli mbiu haikubadilika. Mkulima! (Ni mteja, wanasema wachache wa mbele.) Kwa namna ya uwakilishi, ndiyo.

Halafu kuna suala la sampuli, na hapa lazima nimtambue Mama Edinah Nakhungu wa Malakisi, aliyeacha tumbaku akapanda mahindi, na ambaye aliwakilisha upande wa Bungoma. Tulifika kwake tukaomba mahindi ya kawaida, yale yanayotoka shambani siku hiyo, ili maabara ipime. Lakini nani wa kwenu atampa mgeni wa serikali mahindi ya kawaida, mabichi, yenye matope? Mama Edinah aliona haya. Aliingia jikoni, akapanda juu ya stuli, akashusha mahindi yaliyofungwa juu ya moshi, makubwa, makavu kama mbao, mistari imenyooka, akatujazia gunia akatusindikiza mpaka kwenye gari. Maabara ilitafuta unyevu ndani ya mahindi hayo kwa siku tatu, ikakosa. Wataalamu wakaandika kwamba mahindi ya kanda hii hutoka shambani yakiwa makavu kabisa, na kigezo cha unyevu, kile cha nne cha Mama Wacuka, kikafutwa kwa kauli moja.

Sampuli zilizobaki hatukuzitupa. Zilifanyiwa majaribio ya ziada. Kwa vile hazikuchomeka, zilichemshwa na maharagwe kwa saa sita, na kila mwanakamati akapima kwa meno yake. Ripoti inasema matokeo yaliridhisha. (Mama Edinah anasema, bila kusimama, kwamba yale yalikuwa ya mbegu.) Nimekusikia, mama. Nakupongeza. Mbegu hiyo imezaa ripoti ya kurasa tisini.

Ndugu wananchi, mafanikio hayakosi vikwazo, na sitaficha. Mwezi wa tatu tulipata kikwazo kinachoitwa Wanyonyi. (Vicheko. Wanyonyi, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma mjini, ananyoosha mkono ili asiyemjua amjue.) Huyu bwana alikuwa hapa sokoni siku ile ya maoni, akiuza majembe. Alimsikia Mama Wacuka akihesabu vidole vyake vitano. Akarudi kwenye kibanda chake, na baada ya siku tisa akaja hapa na kitu alichokiunda kwa bomba kuukuu, mnyororo na pedali za baiskeli, na springi ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi. Hakikuwa na rangi. Hakikuwa na kibao. Mama Wacuka alikizungusha kwa mkono mmoja, akitumia mahindi ya msimu mfupi yaliyokuwa na unyevu, na gunia likajaa kabla karani wangu hajamaliza kuandika nambari ya kitambulisho cha fundi.

Nakiri kwamba jasho lilinitoka. Huyu fundi hakuwa amehudhuria wakshopu hata moja. Hakujaza fomu. Alitoka kwenye hitaji akaenda moja kwa moja hadi kwenye chuma, akaruka hatua kumi na moja zilizo katikati, na ndani ya hatua hizo kumi na moja ndimo tunamofanya kazi watu kama mimi, wenye familia. Je, kila mtu akianza kumsikiliza mkulima kisha akamtengenezea anachotaka, nchi hii itakuwa na mipango gani? (Mchungaji anakohoa.) Ndipo kwa usalama wenu niliagiza kile kitu kichukuliwe kikahifadhiwe, kisije kikawachanganya wateja kabla ya mashine halisi kufika.

("Mulipereka wapi hiyo mashine yangu?" anauliza Wanyonyi, kwa sauti ya kawaida kabisa.) Iko salama, Bwana Wanyonyi. Iko stoo Kitale, na tunaitumia kufundishia maafisa wapya, chini ya mada isemayo makosa ya kuepukwa.

Na ili mpango usije ukavurugwa tena, mwezi wa nane nilitoa tangazo, mkalisikia kwa machifu na mkalisikia kanisani baada ya sadaka, kwamba kikundi chochote kitakachoagiza mashine ya mtu binafsi, ikiwemo trekta ya Bwana Kemboi, kitafutwa katika orodha ya wanufaika. Wapo walioniita mkali. Mimi ni mkali kwa mantiki tu. Mkulima akishapukuchua mahindi yake kwa njia nyingine, hitaji linakwisha. Hitaji likiisha, hakuna cha kutafsiri. Na pasipo cha kutafsiri, mimi nawatumikia kwa njia gani? Mlitii. Nyumba arobaini za kikundi cha Kiminini, hakuna hata moja iliyoenda kwa Kemboi. Nilipoandika ripoti ya utii huo machozi yalinilengalenga.

(Mama Wacuka anatoka kwenye nyasi na kuja mbele. Anasema, bila kupaza sauti, kwamba ni kweli walitii. Walikuwa na zamu kwa Kemboi tangu mwezi wa saba, wakaiachia, na sasa foleni yake imejaa hadi Januari. Mahindi yake yana wiki tatu uani na magunzi yake. Jana aliingiza mkono chini ya rundo akakuta joto, na punje zimeanza kuota ukungu. Yale si ya kuuza, anasema. Yale ni chakula cha nyumba yake mpaka mwezi wa nane mwakani, na akina mama wote walioketi pale wako vivyo hivyo. "Bwana Gathii, mimi sikuja kusikiliza," anasema. "Nimekuja kuchukua mashine. Nimekuja na wilbaro." Watu wanageuka kuitazama wilbaro kando ya mti wanapofungwa mbuzi wa soko.)

Naiona, mama. Ni wilbaro nzuri, na gurudumu lake halipigi kelele, karani aandike. Uharaka ulio nao ni ishara ya mteja aliyehamasika, na nitakujibu kwa takwimu, maana takwimu hazina hasira. Tangu Februari tumefanya wakshopu kumi na nne, vikao vya kamati sitini na viwili, na ziara za mafunzo tano, mbili kati yake zikiwa katika sehemu zisizolima mahindi, ili tupate mtazamo mpya. Tumetoa rasimu ya kwanza, rasimu ya kwanza iliyoboreshwa, na rasimu ya mwisho ya muda. Wakaguzi wametupa alama za juu kuliko kanda zote. Mimi binafsi nimealikwa kusoma mada katika nchi yenye theluji. Na nawauliza, ni nani hapa amewahi kuona mashine inayotimiza vigezo mia nne na kumi na viwili kati ya mia nne na kumi na viwili? Hata wale wenzetu wa ng'ambo, mashine zao hufika tisini kwa mia, zikabakiza kasoro hapa na pale. Mashine ya Kiminini imetimiza vyote, mia kwa mia, pasipo kasoro hata moja. (Makofi marefu ya meza kuu. Nyuma, watu wanasimama kuangalia barabarani kama lori linakuja. Upande wa mlima kumekuwa kweusi.)

Naona wengine mnatazama mawingu. Tuwe na nidhamu. Nakaribia mwisho, zimebaki kurasa sita, na nitasoma tatu.

Nikimalizia, napenda kushukuru. Nawashukuru wataalamu wetu, ambao katika wakshopu ya kumi na nne walifanya ugunduzi ambao vitabu vitauandika. Walikaa usiku na mchana wakilinganisha vigezo na mashine mbalimbali zilizopo duniani, na wakaona kwamba kila mashine, ikishatengenezwa kwa chuma, inaanza kukiuka vigezo hapohapo. Inakuwa na uzito. Inakuwa na sauti. Inavunja punje moja au mbili. Inataka grisi. Inachakaa rangi, na jina linafutika. Wakashauri, nami nikatia sahihi kwa kalamu hii mnayoiona, kwamba mashine ya Kiminini ibaki katika ngazi ya usanifu, ambako ni nyepesi kiasi kwamba hata mtoto anaibeba kwapani, haijavunja punje hata moja tangu ibuniwe, na haitaharibika milele. (Hakuna anayepiga makofi. Mzee mmoja anamwuliza mwenzake kama amesikia vizuri. Mwenzake anasema amesikia.)

Nawashukuru pia nyinyi wateja, kwa sababu bila nyinyi ugunduzi huo ungebaki dhana tu. Nyinyi ndio mwezi wa kumi, katika ukumbi wa kanisa, mlipanga foleni mkatia sahihi, na wasioandika wakaweka dole gumba, kuthibitisha kwamba mashine mmeipokea, mmeitumia, na mmeridhika. Majina arobaini, la kwanza likiwa la Mama Wacuka, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Kwa hiyo leo hatukabidhi. Leo tunasherehekea makabidhiano yaliyokwisha kufanyika.

("Ile karatasi mlituambia ni ya chai," anasema Mama Wacuka.)

Na chai mlikunywa, mama.

(Matone ya kwanza yanaanguka kwenye nyasi.)

Mwisho kabisa, na hili linatoka moyoni, nawashukuru akina mama wa Kiminini kwa ukarimu ambao sijauona popote. Naibu chifu amenieleza sasa hivi kwamba hema hili tulilokaa chini yake sisi viongozi halikukodiwa. Jana jioni aliwaambia kwamba wageni watapigwa na jua, nanyi hamkubisha. Mliyafunua maturubai yenu saba kutoka juu ya mahindi, mkayafua, mkayashona pamoja kwa sindano ya magunia, mkaja kuyatundika hapa kabla ya kwenda kulala. Watu wa namna hiyo, ndugu zangu, ndio wanaotutia nguvu sisi tunaowatumikia. Mimi hapa niliposimama sijaguswa na tone hata moja. Naomba tufunge kwa kauli mbiu, kwa sauti moja, isikike mpaka Bungoma. Mkulima!

(Akina mama wamesimama wote. Mama Edinah amekwisha kufungua kamba ya pembe ya kushoto, na Wanyonyi anamshikia nguzo. Mama Wacuka amepanda juu ya kiti cha Bwana DC na anakata uzi wa mshono kwa meno.)

Mkulima! Akina mama, tafadhali, shughuli haijafungwa rasmi. Naibu chifu, wazuie. (Naibu chifu anaangalia viatu vyake. Mke wake ni mmoja wa wale walioshika kamba.) Mama Wacuka, hili ni hema la mgeni rasmi, na hotuba bado iko mkononi mwangu, inalowa. Je, utawala utakuwa wapi kama kila mtu anachukua kipande chake? Tuongee kama watu wazima. Nitaunda kamati leo hii hii. Utakuwa mwenyekiti. Ngojea angalau mvua ipungue, utanilowesha.

(Turubai la katikati linatoka, na maji yaliyokuwa yametuama juu yake yanamwagikia meza kuu. Mama Wacuka analikunja harakaharaka kifuani, anashuka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anamtazama mratibu usoni. Anaongea polepole, ili karani aandike.

"Wewe ukinyeshewa utakauka, Bwana Gathii. Mahindi yangu hayatakauka.")